Risasi za Kujazwa kwa Mkono: Kwa Nini Kasi Ndiyo ya Mwisho Kuangaliwa

Anayefungua jedwali la risasi za bunduki ndogo zenye mwendo mkali huvutwa na safu moja tu, ile ya kasi, na mara nyingi uamuzi wake huishia hapo. Iliyo na kasi kubwa ndiyo hununuliwa, au ndiyo hujazwa. Hapa Uganda, kwa mwenye ranchi ya Nyabushozi aliyepewa leseni ya bunduki, kwa kampuni ya uwindaji katika bonde la mto Kafu au kwa mwongoza wageni huko Karamoja, njia hiyo ya kuchagua huleta mnyama aliyejeruhiwa na kukimbilia kichakani, au risasi iliyompita mnyama na kuendelea na safari yake kuelekea mahali ambapo pana watu. Mambo yanayopaswa kutangulia ni mnyama mwenyewe, mtutu wa bunduki iliyopo, ulingano wa risasi moja na nyingine, na hewa ya mahali pa kupigia. Kasi huja baada ya hayo yote, na mara nyingi inapofikiwa zamu yake huwa imekwisha kujiamua.

Ili tusichanganyikiwe, katika makala haya risasi ni kitu kizima kinachoingizwa kwenye chemba, yaani chumba kilicho nyuma ya mtutu, na kichwa ni ile sehemu inayoruka. Risasi ina viungo vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa kilichobanwa na shingo ya ganda. Kujaza kwa mkono ni kulichukua ganda, ambalo mara nyingi limekwisha kupigwa, kuling'oa fataki iliyotumika, kulirudisha umbo lake kwa kalibu, kutia fataki mpya na baruti iliyopimwa, kisha kukaza kichwa. Kazi hii si uchawi, lakini ni kazi ambayo kosa lake hutokea sentimita chache mbele ya jicho la mpigaji.

Tangu mwanzo ifahamike kwamba nchini Uganda hakuna nafasi ya kuifanya kazi hii kichinichini. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inadai leseni kwa umiliki wa bunduki na risasi zake, na utengenezaji wa risasi nao uko chini ya udhibiti wa sheria hiyohiyo. Mtu mwenye leseni ya kumiliki asidhani kwamba tayari ameruhusiwa kujaza. Swali hilo lipelekwe polisi kabla chombo chochote hakijaagizwa. Uwindaji nao unatawaliwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, iliyoundwa mwaka 1996 kwa kuunganisha idara ya wanyama wa porini na shirika la hifadhi za taifa. Kwa hiyo raia wengi wa Uganda hukutana na risasi za kujazwa kwa mkono pale mgeni mwindaji anapowasili nazo kwenye sanduku lake, na mwenyeji akatakiwa aamue kama zinafaa kwa kazi iliyopo. Uamuzi huo unahitaji ujuzi uleule ambao angeuhitaji aliyezijaza.

Mnyama kwanza

Maandishi mengi kuhusu risasi hizi ndogo za masafa marefu yametoka Marekani, na yamejengwa juu ya wanyama wa Marekani. Kichwa kinachoitwa cha wanyama waharibifu katika majedwali hayo kimebuniwa kwa ajili ya kuchakuro wakubwa wa nyanda za huko, ambao uzito wao ni kilo moja hivi, na kwa ajili ya mbweha wa huko ambaye ni nadra kuzidi kilo 20. Gamba lake la shaba ni jembamba sana, ndani yake mna metali laini iitwayo pia risasi, na ncha yake ina tundu au kipande cha plastiki kinachokifungua mara tu kinapogusa kitu. Kikimpiga kuchakuro, kichwa hicho husambaratika chote ndani ya sentimita chache, na mnyama hufa papo hapo.

Kwetu, wanyama waharibifu wanaotajwa kila mara kwenye mashamba ni watatu: nyani, tumbili na nguruwe mwitu. Tumbili ana kilo nne hadi sita, na kichwa chembamba cha Kimarekani kinamtosha bila shaka yoyote. Dume la nyani hufikia kilo 25 na zaidi, na ana misuli minene ya kifua na mabega, kwa hiyo hapo tunahitaji kichwa cha katikati, chenye gamba nene kidogo na uzito uliosogea juu. Nguruwe mwitu ni jambo jingine kabisa. Mkubwa wake huzidi kilo 70, ngozi yake ni ngumu, na bega lake ni mfupa uliofunikwa na nyama iliyoshikamana. Kichwa cha grein 40 kilichobuniwa kusambaratika kikimpiga begani hupasukia juu ya mfupa na kuacha jeraha pana lisilo na kina. Mnyama hukimbia, huoza akiwa hai kwa siku kadhaa, na askari anayemfuata kichakani ndiye hulipa gharama. Kwa maoni yangu nguruwe mwitu haingii kabisa katika mjadala wa risasi ndogo za mwendo mkali. Apigwe kwa kichwa kizito cha mtutu mkubwa zaidi, kwa umbali mfupi, au asipigwe.

(Grein, kwa asiyezoea, ni kipimo cha zamani cha uzito kinachotumika bado katika risasi: gramu moja ni grein 15.4, hivyo kichwa cha grein 55 kina gramu tatu na nusu hivi.)

Karamoja yenyewe ina mfano maarufu unaoonyesha kwamba muundo wa kichwa ni mkubwa kuliko ukubwa wa mtutu. Mskoti Walter Bell, ambaye jina la Karamojo lilimganda kwa sababu ya miaka aliyowinda huko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo kwa mamia akitumia bunduki ya Rigby ya .275, ambayo ni milimita 7 tu, wakati wenzake walibeba mizinga ya mabega. Alitumia vichwa virefu vya grein 173 vilivyofunikwa gamba gumu kote, vya aina ya kijeshi, ambavyo havikufunguka wala kupinda, na hivyo vilifika kwenye ubongo kwa mstari ulionyooka. Tembo sasa analindwa na hakuna wa kumwiga Bell, lakini funzo la kiufundi linabaki, na linafanya kazi pande zote mbili. Kichwa kigumu kilichompenya tembo kingempita tumbili kama hakijamgusa, kikaendelea na karibu nguvu yake yote hadi kwenye jiwe, kikaruka upande usiojulikana.

Hapo ndipo penye sababu nzuri ya kukipenda kichwa chembamba katika mashamba yetu. Nchi yenye nyumba kila upande, watoto wanaochunga mbuzi na wanawake wanaopalilia muhogo haivumilii risasi inayodunda. Kichwa kinachosambaratika kinapogonga udongo mkavu mara nyingi huvunjika papo hapo badala ya kuruka. Mara nyingi, si kila mara: kikigonga kwa pembe ndogo sana, au kikiwa kimepoteza mwendo kwa umbali mrefu, kinaweza kudunda kikiwa kizima. Anayepiga bila kilima au ukingo wa udongo nyuma ya shabaha hajasaidiwa na aina yoyote ya kichwa. Vichwa vya gamba gumu vya kijeshi, ambavyo ni rahisi kupatikana na ni nafuu, nadhani viondolewe kabisa kwenye orodha ya mtu anayelinda mazao.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu macho kuliko risasi. Kandokando ya misitu ya Budongo na Kibale sokwe nao huingia mashambani, na kwenye kivuli cha mahindi, mita 250 mbele, mgongo mweusi ni mgongo mweusi. Sokwe analindwa na sheria. Kama darubini haijaonyesha mkia, kidole kikae mbali na kifyatulio.

Mtutu una chaguo lake

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda inayokizungusha kichwa ili kisipinduke hewani, kama pia ya watoto inavyosimama kwa sababu inazunguka. Msokoto huo hupimwa kwa urefu wa mtutu unaohitajika kutimiza mzunguko mmoja. Bunduki nyingi za .22-250, mojawapo ya risasi ndogo za kipenyo cha inchi 0.22 hivi, zimetengenezwa kwa mzunguko mmoja katika inchi 14, yaani msokoto wa polepole. Bunduki za .223 zilianza na 12, na siku hizi hupatikana za 9, 8 na hata 7.

Kinachoamua msokoto unaohitajika ni urefu wa kichwa, wala si uzito wake, ingawa watu husema uzito kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye pakiti. Mwanahisabati Mwingereza George Greenhill alitoa mwaka 1879 kanuni rahisi inayotumika hadi leo kwa makadirio: chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha kichwa kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa. Kichwa cha kipenyo cha inchi 0.224 chenye urefu wa inchi 0.7 kinadai mzunguko katika inchi 10.7 hivi, chenye urefu wa inchi 0.9 kinadai 8.4. Kwa vichwa vyenye mwendo mkali sana, 150 hubadilishwa kuwa 180, na madai hulegea kidogo: kile cha kwanza kinaridhika na inchi 12.9, cha pili na 10. Hata hivyo mwenye bunduki ya msokoto wa 14 anaona wazi kwamba kichwa kirefu hakimhusu, hata kama jedwali linakisifia kwa jinsi kinavyoupasua upepo. Akikilazimisha, karatasi ya shabaha itamwonyesha matundu marefu badala ya ya mviringo, kwa sababu kichwa kimefika ubavu.

Upande wa pili nao una hatari yake, ingawa haizungumzwi sana. Kichwa cha gamba jembamba kabisa kikirushwa kwa mwendo mkali kutoka mtutu wa msokoto wa 7 huzunguka kwa kasi kubwa mno hata gamba lake linaweza kupasuka hewani. Mpigaji huona ukungu mdogo wa kijivu mbele yake na karatasi isiyo na tundu. Watengenezaji wa vichwa hivyo huandika kikomo cha kasi kwenye maelezo yao, nacho kinafaa kusomwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mgeni aliyekuja na risasi zake, au kujiuliza mwenyewe, ni msokoto wa mtutu. Asiyeujua anaweza kuupima: fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana inasukumwa ndani ya mtutu, alama inawekwa kwenye fimbo, na inapimwa ilivyosogea hadi alama itimize mzunguko mmoja. Ni kazi ya dakika tano.

Kasi ilitukuzwa vipi

Mapenzi ya kasi yana historia ya kibiashara. Mwaka 1915 kampuni ya Savage ilitoa risasi ya .250 iliyobuniwa na Charles Newton. Newton alipendekeza kichwa cha grein 100, lakini kampuni ilichagua cha grein 87 kwa sababu chepesi hicho kingefika futi 3,000 kwa sekunde, sawa na mita 914, na namba hiyo ingeuza. Ikaingizwa hata kwenye jina la risasi. Mwaka 1935 Winchester ikaja na .220 Swift na kichwa cha grein 48 kilichotangazwa kwa futi 4,110, yaani mita 1,250 kwa sekunde. Swift ikapata sifa, na pamoja nayo lawama za kula mitutu. Ganda la Savage nalo lilibanwa shingo na wabunifu binafsi ili lishike kichwa chembamba zaidi, likapigwa kwa miaka mingi kama risasi ya kujazwa kwa mkono peke yake, hadi Remington ilipolikubali mwaka 1965 kwa jina la .22-250. Ndugu yake mpole, .223, alitangulia mwaka mmoja, 1964.

Tofauti ya kasi kati ya ndugu hao wawili kwa kichwa kilekile ni kama mita 120 kwa sekunde. Si kidogo. Lakini .22-250 inapewa kwa kawaida shinikizo la juu la takriban mara 4,400 ya shinikizo la hewa, na .223 mara 3,700; .22-250 huchoma baruti nyingi zaidi kwa kila mlio, hupasha mtutu moto haraka, na hula mapema koo la mtutu, yaani pale mifereji inapoanzia. Mtutu mpya kwetu hauagizwi kwa simu ukafika kesho. Mwenye kulinda shamba ambalo umbali wake mrefu wa kuona ni mita 200, na mashamba mengi ya Masindi au Kiryandongo hayana hata hizo, hapati chochote cha maana kwa gharama hiyo. Nyanda za Karamoja na malisho ya wazi ya Nakasongola ni kesi tofauti, na huko ndipo hoja ya umbali inapoanza kuwa na uzito.

Upepo, kushuka na hewa ya juu

Mvutano wa dunia hauna siri. Kichwa kinachotumia sekunde 0.37 kufika mita 300 hushuka sentimita 65 hivi kutoka kwenye mstari wa mtutu, na kwa kuwa kiasi hicho hakibadiliki leo na kesho, darubini hurekebishwa na jambo limekwisha. Upepo ndio unaohukumu.

Wengi huamini kwamba upepo hukisukuma kichwa kwa muda wote kilipo hewani, kwa hiyo chenye kufika haraka husukumwa kidogo. Ukweli ni wa kushangaza zaidi. Kinachohesabika ni muda uliopotezwa: tofauti kati ya muda ambao kichwa kilitumia hasa na muda ambao kingetumia kama hewa isingekuwapo. Zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni, na unapata kiasi kilichosogezwa. Kichwa kilichoondoka kwa mita 1,000 kwa sekunde kingefika mita 300 kwa sekunde 0.30 pasipo hewa. Kama kimefika kwa 0.37, kimepoteza 0.07, upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao unatikisa majani ya mahindi bila kuyalaza, umekihamisha sentimita 28. Kifua cha tumbili hakizidi upana wa kiganja.

Hapa ndipo kichwa kirefu na chembamba kinapoanza kushinda. Uwezo wa kichwa kuipasua hewa huandikwa kwa namba iitwayo kizigeu cha balistiki. Namba kubwa inamaanisha mwendo hupotea polepole. Kichwa chepesi cha grein 40 huondoka kwa kishindo na kuongoza mwanzoni, kisha hewa inakikamata. Cha grein 69 au 75, kilichoanza nyuma kabisa, hukipita kwa mwendo mbele ya safari na kusogezwa kidogo na upepo. Ila tumekwisha kuona kwamba kichwa hicho kirefu kinadai msokoto wa 9 au chini yake, na vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa mashindano ya shabaha, bila uhakika wowote wa namna vitakavyofunguka ndani ya mnyama. Mambo yanafungamana namna hii, na ndiyo maana anayeuliza swali moja tu kuhusu risasi hupata jibu lisilomsaidia.

Uganda ina faida ndogo katika suala la hewa. Majedwali mengi yamehesabiwa kwa usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya nchi ipo kwenye mita 1,100 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 hata kabla joto halijahesabiwa. Kabale, karibu na mita 2,000, ni nyepesi zaidi. Ufukwe wa Ziwa Albert, kwenye mita 620 hivi, uko katikati. Kwa hiyo kichwa kitashuka na kusogea pungufu ya jedwali la mgeni. Katika mita 150 haionekani. Katika mita 400 inatosha kukosa juu.

Joto na ulingano

Joto lina sura ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Baruti inayoungua ikiwa ya moto huzalisha shinikizo kubwa kuliko ikiwa baridi. Zipo baruti zilizotengenezwa zisijali sana, na zipo zinazoongeza nusu mita ya kasi kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto. Mgeni aliyezijaza risasi zake katika baridi ya Ulaya, akapanda hatua kwa hatua hadi ukingoni mwa kiwango cha juu, akaja kuziacha juu ya dashibodi ya gari huko Moroto saa saba mchana, atashangaa kuona komeo la bunduki linagoma kuinuka. Halijagoma. Ganda limevimba ndani ya chemba kwa shinikizo lililozidi. Baada ya dalili hiyo upigaji husimama, na risasi zilizobaki hazipigwi hata zikipoa. Vivyo hivyo risasi iliyoachwa dakika nzima katika chemba iliyochemka baada ya milio mingi hupikwa humo.

Maganda yaliyopigwa husema mengi kwa anayeyatazama. Chukua ganda lililopigwa mara kadhaa, ulisogeze kwenye mwanga wa dirisha na uligeuze polepole. Nusu sentimita hivi juu ya kitako, kama ganda limechoka, utaona mduara mwembamba unaong'aa kuliko shaba iliyouzunguka. Sasa chukua waya mwembamba, pinda ncha yake iwe kama ndoana ndogo, uiingize hadi chini na kuikwaruza juu kwenye ukuta wa ndani. Ncha ikinasa kwenye kijifereji mahali penye mduara ule, ukuta umekonda pale, na mlio unaofuata unaweza kulikata ganda vipande viwili na kurudisha gesi moto usoni. Tazama na fataki: kingo zake za mviringo zikiwa zimelainika hadi zikajaa kishimo chote, na alama ya pini imezungukwa na kingo zilizoinuka kama kreta, mashaka ya shinikizo ni ya haki. Fataki peke yake hudanganya, kwa sababu nyingine ni laini kuliko nyingine, lakini fataki bapa pamoja na komeo zito ni mashahidi wawili.

Faida ya kweli ya kujaza kwa mkono, kwa maoni yangu, ni ulingano. Fikiria pakiti ambayo risasi zake zinatofautiana kwa mita 30 kwa sekunde kati ya ile ya polepole kabisa na ile ya haraka kabisa, ambazo ni asilimia 3 ya kasi. Kwenye mita 300 tofauti hiyo hutawanya mapigo kwa takriban sentimita 4 kwenda juu na chini, nayo inavumilika. Kwenye mita 500, ambako muda wa safari umekaribia kuwa maradufu, mtawanyo hufika sentimita 14. Hakuna darubini inayorekebisha hilo, kwa sababu mpigaji hajui ni ipi iliyomo chembani. Anayejaza kwa uangalifu, kwa maganda ya aina moja na idadi moja ya milio, kwa baruti iliyopimwa moja moja, huipunguza tofauti hiyo hadi theluthi. Kipima mwendo ndicho chombo pekee kinachomwambia kama amefaulu. Asiye nacho anakisia.

Kichwa kilichokaa upande kwenye shingo nacho huharibu kazi yote. Viringisha risasi juu ya kioo bapa na utazame ncha: ikitulia, vizuri, ikiyumba kama gurudumu lililopinda, ile ni ya kuzoeza mkono, si ya kumpigia mnyama. Urefu wa risasi nzima hupimwa pia, kwa sababu kichwa kilichokazwa nje sana hugusa mifereji ya mtutu kabla ya mlio na kupandisha shinikizo, na kilichozama sana hupunguza nafasi ya baruti kwa matokeo yaleyale.

Kuhusu kiasi cha baruti sitaandika namba yoyote, na anayeziokota mtandaoni anajitakia. Kiasi husomwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa kichwa kilekile, baruti ileile na ganda lilelile, na kazi huanzia kiwango cha chini kilichoandikwa humo. Kubadilisha hata aina ya fataki ni kuanza upya.

Uthibitisho wa mwisho ni karatasi. Mapigo matatu yaliyokaa pamoja ni bahati inayoweza kumtokea yeyote; kumi yanaanza kusema ukweli. Bunduki inayoweka mapigo kumi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 ni nzuri sana, na bado kwa mita 300 mapigo hayo yanaenea sentimita 9, ambazo ni kiganja chote cha kifua cha tumbili kabla upepo haujasema lake. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoweka umbali wa haki: mita 150 hadi 200 kwa tumbili, na kama 250 kwa nyani, kwa mtu aliyelala chini na bunduki iliyoegemezwa. Wanaodai zaidi kwa kawaida wanahesabu waliowapata tu.

Kwa mwenyeji anayepokea mgeni, mambo ya vitendo ni machache. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria, na baruti au fataki zisizokuwa ndani ya risasi hazipandi ndege ya abiria kabisa, kwa hiyo hakuna kujaza upya safarini. Kilichokuja ndicho kilichopo, baada ya vibali vyake kukaguliwa. Risasi hizo zipigwe shabaha hapa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mchana wa joto, na maganda yatazamwe. Kila pakiti iwe na maandishi yanayotaja kichwa na uzito wake, jina na kiasi cha baruti, aina ya fataki, idadi ya milio ambayo maganda yamepitia, urefu wa risasi nzima, tarehe, na joto la siku ilipojaribiwa. Pakiti isiyo na maandishi hayo haipigwi hata kama mwenyewe anaapa kwamba anaikumbuka. Inawekwa kando, inafungiwa, na inarudi na mwenyewe.